Fundo limeteleza

Mwaka wa kwanza wa hisabati chuoni unajijua kwamba hujui. Wa tatu ndio wenye balaa: umeshakusanya milinganyo ya kutosha kuwasumbua watu nyumbani. Mimi nilikuwa wa tatu binamu yangu alipooa Muheza, na familia ikanipa kazi moja tu, kulifikisha godoro la bi harusi kutoka Tanga mjini.

Lilikuwa godoro la sponji, futi 5 kwa 6, inchi 6. Ukilikunja kama mkeka linakuwa gogo la kukumbatiwa na watu wawili, nalo muda wote linakusukuma, linataka kulala. Dereva wa bodaboda alipita asubuhi kulitazama. Akasema mipira minne ya tyubu, na kila mmoja auvute kwanza mara tatu "auchoshe", halafu tusimame Pongwe kukaza upya.

Minne! Nikamwomba anipe mmoja, nifanye hesabu.

Nikauning'iniza kwenye boriti la baraza kwa bibi, nikafunga ndoo chini yake. Lita moja ya maji ni kilo moja, mizani ya nini? Mpira ulikuwa sentimita 60. Kwa lita 2 ukafika 72. Kwa lita 4 ukafika 84. Mstari ulionyooka kama reli! Robert Hooke alishayasema haya ya springi tangu 1678: ukivuta mara mbili, nguvu nayo mara mbili. Nikajumlisha, nikagawanya, nikapata kwamba mipira miwili inatosha na chenji inabaki.

Nikaiacha ndoo pale pale, imebakiza vidole viwili kugusa sakafu, nikaingia ndani kula ubwabwa. Niliporudi, bibi alikuwa amesimama barazani anaitazama.

"Mume wangu, ndoo yako imekaa chini kama mgeni."

"Fundo limeteleza, bibi."

"Fundo?"

"Fundo."

Akaguna, akaenda zake kulisha kuku.

Basi tukafunga kwa mipira miwili. Dereva alipoanza kuuvutavuta wa kwanza ili auchoshe, nikamzuia. Niliupima ukiwa na nguvu zake, kwa nini auchoshe? Akauliza na hili jua la saa nane je. Hapo ndipo nilipojiona profesa. Nikamweleza kwamba mwaka 1805 Mwingereza mmoja kipofu, John Gough, alichapisha kwamba mpira ukiuvuta ghafla unapata joto, aliusikia kwa mdomo wake, na kwamba mpira uliovutwa ukipashwa moto haulegei, unajikunja. Kwa hiyo jua la Tanga litatukazia mzigo bure.

Dereva alifunga kofia yake taratibu. "Mwalimu, huyo kipofu alishawahi kubeba godoro?"

Tukaondoka, dereva mbele, mimi katikati, godoro kwenye keria mgongoni kwangu. Pongwe tulipita kama hatupaoni, kwa amri yangu. Nyuma yetu kwa mbali ilikuwa Coaster ya akina shangazi, na vigelegele vyao vilitufikia hata kwenye mwendo.

Kumbe mpira una tabia ambayo mlinganyo wangu haukuwa na herufi ya kuiandikia: muda. Ndani yake ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana kama nywele zisizochanwa. Panda daladala ya jioni utanielewa. Kondakta anawasukuma, mlango unagoma kufungwa, mbavu zinalia. Baada ya vituo viwili, bila mtu hata mmoja kushuka, watu wamejipanga na nafasi imepatikana. Mpira uliofungwa kwenye urefu ule ule hujipanga vivyo hivyo, na nguvu yake inapungua kimyakimya. Ukiwa na uzito unaoning'inia, unarefuka pole pole. Ndoo haikuteleza. Ndoo ilikuwa inanipa somo, mimi nikaenda kula. Tena mvuto wa kwanza wa mpira ni mgumu kuliko yote inayofuata, ndiyo maana ya kuuchosha, na mimi nilikuwa nimepima huo wa kwanza. Gough hakukosea, ila joto hilo hilo huiharakishia minyororo kujipanga.

Hayo yote niliyasoma baadaye. Wakati huo nilisikia tu kitu kinanigusa kisogoni, laini, kwa upole.

Kisha godoro likafunguka. Upepo ukaingia chini yake, na katika mkoa wa Tanga tukatweka tanga. Pikipiki ikavutwa nyuma kama ng'ombe aliyekumbuka nyumbani, dereva akapiga kelele nisizoweza kuziandika hapa, mimi nikafunikwa gubigubi, tukaacha lami, tukapunguza mwendo kwenye majani, tukaanguka. Dereva aliruka akatua kwa miguu. Mimi sikuumia hata ukucha, maana nilitua chali katikati ya futi 5 kwa 6.

Coaster ikasimama. Akina shangazi wakashuka mmoja mmoja, kimya. Nadhani kama ningeinuka haraka ningepona, lakini nilikuwa bado nahesabu viungo vyangu.

"Jamani," akasema shangazi mkubwa, "godoro la bi harusi limeshalaliwa!"

Vigelegele.

Habari ilitangulia Muheza kwa simu. Mlangoni kwa akina bi harusi, somo wake alikuwa amesimama na kanga mabegani, akasema godoro haliingii mpaka aliyelilalia atoe faini. Elfu ishirini! Binamu yangu alicheka mpaka akalazimika kukaa, na ndiye aliyekuwa anaoa. Dereva akakataa nauli ya ziada. Alisema stori inamtosha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu nilikuwa nimelikalia. James Clerk Maxwell alishaandika mwaka 1867 jinsi nguvu ya namna hiyo inavyofifia, na wanafunzi huichora kama springi iliyoungwa na pistoni ndani ya mafuta, moja ikifuata nyingine. Springi na mafuta! Ni shokapu, ila shokapu zimeviweka sambamba. Kwa mpira unaongeza springi ya pili pembeni, kwa sababu salfa imeifunga minyororo isiachiane kabisa. Na shokapu za pikipiki zilikuwa mbili chini ya makalio yangu, zinapanda na kushuka njia nzima.

Usiku nilirudi kwa bibi, nikaufungua ule mpira wa majaribio, nikaupima tena bila ndoo. Sentimita 63. Nikaupima mara ya pili.

Bibi alikuwa amekaa gizani kwenye mkeka, nilidhani amelala.

"Na hizo tatu," akauliza, "nazo ni fundo?"