Kisima cha Naivasha, maji ya Wanjohi

Pendekeza hapa Naivasha kwamba mwenye shamba la maua amlipe mkulima wa Wanjohi, kule juu Nyandarua, ili aache maji mtoni, na utajibiwa kabla hujamaliza: maji ni ya Mungu, hayauzwi. Hata sheria iko karibu na jibu hilo. Sheria ya Maji ya 2016 imeweka kila chanzo cha maji mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na kibali cha kutumia maji hufuata shamba. Huwezi kukitenga ukamuuzia jirani kama ng'ombe.

Sawa. Ila maji ya Malewa, mto mkuu unaolisha Ziwa Naivasha, yanachukuliwa tayari, tena kwa njia isiyoonekana. Ziwa lenyewe halina mto unaotoka. Maji yake hupenyea chini ya ardhi, ndiyo maana hayana chumvi. Kisima kilicho karibu na ufuo basi kinavuta maji yale yale yaliyoteremka kutoka Nyandarua, hata kama mwenye kisima anaapa kwamba ni ya shambani kwake.

Colorado, Marekani, walishalikabili hilo. Sheria yao ya 1969 iliwapanga wenye visima foleni moja na wenye mifereji ya mto: uliyekuja nyuma unaruhusiwa kuvuta, mradi urudishe mtoni kiasi ulichopunguza. Wengi hununua haki za maji za wengine ili kufidia. Hawacheki na mtu: mwaka 2006, katika bonde la South Platte, zaidi ya visima 400 vilizimwa kwa kukosa maji ya kufidia, mimea ikiwa imeshapandwa.

Kinachonivuta kwao ni hesabu ya muda kuliko biashara yenyewe. Athari ya kisima haifiki mtoni siku pampu inapowashwa. Umbali ukiwa mara mbili, muda wa kufika huwa kama mara nne, ardhi ikiwa ya aina moja. Kwa hiyo maji yaliyovutwa Januari yanaweza kupungua ziwani miezi mingi baadaye, na kisima kikizimwa leo, upungufu wa jana bado uko njiani. Sisi tumezoea kungoja ziwa lishuke ndipo tuanze kubana visima. Kwa visima vya mbali, wakati huo tumeshachelewa. Anayelazimika kufidia hupiga hesabu hiyo mapema, kwa kuwa inamgusa mfukoni.

Tuchukue kisima kinachotoa mita za ujazo 20 kwa saa, saa kumi kwa siku. Hizo ni 200. Ekari moja ya kabichi kiangazi, ikinywa milimita tano kwa siku, inamaliza kama 20. Kwa hiyo kufidia kisima kimoja ni kuacha kunywesha ekari kumi za kabichi. Na hapo nimehesabu yanayonywewa na mmea tu, maana yanayochuruzika kutoka shambani hurudi mtoni yenyewe na hayafai kulipiwa.

Kuna watakaosema mbona tulishaanza. Kweli, kuanzia 2010, kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, wakulima wa juu walipewa vocha za takriban dola 17 kwa mwaka wakipanda nyasi na miti ya kuzuia mmomonyoko, na watumiaji maji wa chini wakichangia. Ni mpango mzuri, lakini ulilipia udongo. Ukanda wa nepia kwenye mteremko hauonyeshi ni mita ngapi za ujazo zimeongezeka Malewa mwezi wa pili.

Wanaopinga wana hoja moja inayoniuma kweli. Kaunti ya Crowley, huko huko Colorado, wakulima waliuzia miji maji yao, na zaidi ya ekari 50,000 zilizokuwa zikinyweshwa zikabaki sehemu ndogo tu. Aliyeuza alipata pesa. Kibarua wa palizi, mwenye lori na mwenye duka la mbolea hawakuwa na haki ya maji ya kuuza. Wanjohi kuna shida ya ziada: anayevuta maji bila kibali atalipwa kwa karatasi gani?

Ndiyo maana singeruhusu ununuzi wa moja kwa moja. Mkataba wa msimu unatosha: mfereji ufungwe Januari na Februari, mkulima arudi kwenye maji yake mvua zikianza, na sehemu ya malipo iende kwa wanaopalilia. Haki inabaki shambani, kama sheria inavyotaka.

Najua, tangu ziwa livamie nyumba za mtaa wa Kihoto mwaka 2020, kuzungumzia uhaba Naivasha ni kujitafutia kicheko. Mwaka 2009 ziwa hilo hilo lilikuwa limerudi nyuma, na hakuna aliyecheka. Mikataba kama hii huandikwa maji yakiwa mengi, kabla bei haijapanda. Kinachohitajika kwanza ni mita mbili za kupimia maji, zinazosomwa na mtu asiyelipwa na upande wowote, moja kwenye kisima, nyingine kwenye mdomo wa mfereji.