Mraba ukisimama kwa kona bado ni mraba, jamani

Ngazi za jengo letu hapa Utrecht, Uholanzi, zimejaa vipande vya karatasi. Mtoto wa jirani amepewa na mwalimu wake kazi ya kukata maumbo na kuyapanga, na wiki nzima tunapita tukiruka. Nilikereka. Halafu akausimamisha mraba kwa kona, akaniambia bado ni mraba, nikakasirika kwa sababu nyingine kabisa.

Maana wa kwetu tunawajua. Msimamishie hivyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza pale Temeke, wengi watakwambia ni almasi. Huyohuyo umuulize sifa za mraba, anazitiririsha: pande nne sawa, pembe nne za nyuzi 90. Kakariri.

Najua kuna mtu kashaanza: "Kafika Ulaya, anatuletea za kizungu." Tulia, mdau. Waholanzi nao walikwama. Pierre van Hiele na mkewe Dina walifundisha hisabati sekondari, wakaona wanafunzi wanavyohangaika na jiometri, hadi wote wawili wakaandika tasnifu za udaktari juu yake hapahapa Utrecht, 1957. Walisema mtoto huanza kutambua umbo kwa sura, kisha kwa sifa zake, kisha huona sifa hii inavyozaa ile; kuthibitisha ni baada ya hapo. Na umri peke yake haumvushi. Mwalimu akiongea kutoka hatua ya juu, mtoto akiwa chini, hawaelewani, na mtoto hujiokoa kwa kukariri.

Mtasema tatizo ni Kiingereza. Kinachangia, sikatai. Lakini shule ya msingi pembetatu tulifundishwa kwa Kiswahili safi, na bado tuliziimba. Mtasema madarasa yamefurika. Sawa, kukunja karatasi ya daftari kunahitaji bajeti ya nani?

Kinachoniuma ni kwamba jiometri tunayo. Nenda Mbagala umwangalie fundi akitafuta skwea ya msingi, yaani kona ya nyuzi 90: futi 3 huku, futi 4 kule, na kamba ya mshazari isipotoa 5 anang'oa vijiti anaanza upya. Mwanawe anakwenda shule anaandikiwa kanuni ya Pythagoras kwa herufi ubaoni, na hakuna anayemwambia kwamba ndiyo ile kamba ya baba.

Nanyi wa "mbona sisi tulisoma hivyohivyo tukafika": mmefika wapi? Matokeo ya hisabati ya kidato cha nne yakitoka, huwa mnayasoma au mnaruka hadi kwenye picha za shule zilizoongoza?