Msiyafute majina ya funguo za tiorbo

Nimefungua toleo jipya la vipande vya tiorbo (kinanda kikubwa cha nyuzi cha jamii ya luti, chenye shingo ndefu) vya Robert de Visée, mpigaji wa ikulu ya Louis XIV, nikaudhika. Mhariri amefuta majina yote ya zamani ya funguo, yaani ya nota ambayo kila kipande kimejengwa juu yake. Palipokuwa na "G ré sol bémol" sasa pana "G maina", basi. Utangulizi unasema majina ya zamani yanamchanganya mpigaji.

Yanamchanganya nani? Muulize mwanakwaya yeyote aliyekulia kwenye sol-fa. Doh ikiwa F, G inaimbwaje? Ray. Doh ikiwa C? Soh. Hiyo ndiyo G ré sol, hakuna fumbo lingine. Wafaransa wa karne ya 17 waliita kila nota kwa nafasi zake mbili: C sol ut (ut ndiyo doh yao), D la ré, A mi la. Kisha bémol inakwambia nota ya tatu juu yake ni ndogo, bécarre kwamba ni kubwa.

Sasa ushike tiorbo yenyewe. Ile ya nyuzi 14 ina nyuzi nane ndefu za besi zisizobanwa kwa vidole. Kila mmoja unatoa sauti moja tu, ile uliyoituni kabla ya kuanza. Tabulatura ya Kifaransa, maandishi yanayoonyesha uzi wa kupiga na mahali pa kuubana badala ya nota, haiweki flati wala shapu mwanzoni mwa mstari. Kwenye G, nota ya tatu ni B. Tarakimu 5 ni uzi wa 12, wa B: bécarre, unautuni B, bémol, unaulegeza uwe B flati. Hapo jina limekupa agizo. Herufi a yenye vistari viwili ni uzi wa tisa, wa E, na hapa ndipo "G maina" inapoharibu kazi, kwa sababu G maina ya leo ina flati mbili, B na E, hivyo inakuamulia moja kwa moja kwamba ni E flati. Enzi hizo, kwenye nota za kawaida, ufunguo huo uliandikwa kwa flati moja, ya B. E ilipanda na kushuka kadiri kipande kilivyokwenda, na mpigaji alipaswa kukipitia chote, aone nyuzi za juu zinataka E ipi, ndipo aituni besi. Bémol inaahidi B tu na kukuachia E uitafute. Kazi hiyo ya kutafuta ndiyo inayokufundisha kipande.

Haya, mgeni wa muziki huu anahitaji jina analolijua, sikatai. Liwekwe chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Juu ya kipande libaki "G ré sol bémol", kama wapigaji wa wakati huo walivyoliandika.