Baada ya kipaimara, tunaweka alama gani?

Makanisa yetu ni hodari wa kuadhimisha mwanzo. Mtoto akibatizwa anapewa cheti. Akipata kipaimara kuna suti, gauni jeupe, ukumbi, keki na mshereheshaji. Kwa ndugu zetu walokole kuna tarehe ya kuokoka, nayo hutajwa katika kila ushuhuda kabla ya jambo lingine lolote. Kisha kimya. Siku ya mazishi utasomwa wasifu: alibatizwa mwaka fulani, akapata kipaimara mwaka fulani, akafunga ndoa mwaka fulani. Kati ya kipaimara na jeneza inaweza kupita miaka hamsini, na hakuna aliyeiwekea hata alama moja.

Sisemi sherehe zifutwe, pishi la pilau liendelee. Ninachodai ni kwamba alama za ukuaji wa kiroho ziwekwe pale ambapo mwenendo umebadilika kiasi cha mtu mwingine kuuona, na ziwekwe kwa namna ambayo mtu huyo anaweza kukuuliza habari zake.

Maandiko yana mfano bora wa jambo hili. Katika Yoshua 4, watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, waliokota mawe kumi na mawili katikati ya Yordani, mahali miguu ya makuhani iliposimama, wakayapeleka Gilgali. Mawe hayo hayakuwa pambo. Yaliwekwa ili watoto wayaone na kuuliza maana yake, na wazazi wajibu kwa kusimulia alichokifanya Mungu. Linganisha na Sauli katika 1 Samweli 15: ametoka kuvunja agizo la vita dhidi ya Amaleki, lakini anapita Karmeli kwanza kujisimamishia ukumbusho wake mwenyewe. Naye Samweli alisimamisha jiwe na kuliita Ebenezeri, akisema, "Hata sasa BWANA ametusaidia." Wengi tunaliimba jina hilo bila kukumbuka kwamba limekwisha kutajwa katika sura ya 4 ya 1 Samweli, pale Israeli walipopiga kambi, wakashindwa na Wafilisti na kunyang'anywa sanduku la agano. Jina la siku ya aibu ndilo lililopewa jiwe la shukrani. Kwa hiyo ukitafuta pa kuweka alama, anzia ulipoanguka.

Tarehe peke yake haitoshi. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliandika hadi saa: 24 Mei 1738, yapata saa tatu kasorobo usiku, katika mkutano wa mtaa wa Aldersgate, London, moyo wake ulipopata joto la ajabu. Ila Januari 1739 anaandika katika kumbukumbu zake kwamba yeye bado si Mkristo. Tarehe ilikuwa ya kweli, lakini haikumzuia kujipima upya. Karama nazo si kipimo. Wakorintho hawakupungukiwa na karama yoyote, na bado Paulo aliwaita watoto wachanga kwa sababu ya husuda na fitina zao. Vyeo ndiyo usiseme: mtu anaweza kuwa mzee wa kanisa kwa vipindi vitatu huku hasemezani na ndugu yake wa tumbo moja kwa sababu ya shamba.

Basi tuandike nini? Mimi ningeanza na deni lililolipwa. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Injili ya Luka, hakusema anajisikia mwepesi. Alitaja nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, na kusambaa miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana vijijini kwa jambo hilo hilo: watu walirudisha walichoiba na kuungama kwa waliowakosea. Hata jirani asiyesali aliweza kuona kwamba kuna kilichobadilika.

Kipimo kingine ninachokiamini ni muda unaopita kati ya kukosea na kuomba radhi. Kama zamani ulikuwa unanuna wiki tatu, na sasa jua halichwi kabla hujamwambia mke wako, au dada wa kazi, au kijana wa dukani, "Nimekosa, nisamehe," hiyo ni hatua, iandike.

Namna ya kuandika ni rahisi. Kaunta buku moja inatosha kwa miaka mingi, kwa sababu alama hizi ni chache. Zikizidi tano au sita kwa mwaka, huenda umeanza kuandika shajara ya hisia. Kila alama iwe na tarehe, tukio kwa mistari miwili mitatu, andiko lililokusukuma, kitendo ulichofanya, na jina la mtu mmoja anayejua. Jina hilo ndilo watu hulikwepa, na ndilo lenye nguvu. Andika ndani ya wiki moja, maana ushuhuda unaokaa kichwani tu hunenepa kila unaposimuliwa. Ushindi dhidi ya dhambi ya mazoea, kama pombe, picha chafu au kamari ya simu, uandikwe kwanza kwa penseli. Wino usubiri miezi sita, na usubiri pia mtu wako akuulize mara mbili tatu. Usiandike siri za wengine; ukimkosea mtu, andika kosa lako, si tabia yake.

Lisome daftari mara mbili kwa mwaka: kabla ya mkesha wa 31 Desemba, na siku ya ubatizo wako (kama huijui, cheti kinayo). Ukikuta miezi minane haina kitu, usijaze kwa kubuni. Andika "ukame" na tarehe. Zaburi zina kurasa nyingi za namna hiyo.

Hapa ndipo mambo huharibika. Wengine huhesabu sura. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, yaani tatu na kidogo kwa siku ukitaka kuimaliza kwa mwaka. Wengi hukwamia Mambo ya Walawi mwezi Februari, halafu wanajiona wamerudi nyuma kiroho kumbe wameshindwa ratiba tu. Wengine huyageuza makumbusho kuwa makao. Gilgali ile ya mawe, karne nyingi baadaye, Amosi anawaambia watu wasiingie, kwa kuwa ibada ya pale ilikuwa imeharibika. Mlokole anayesimulia mwaka wa kuokoka kwake kwa machozi na hana la kusimulia la mwaka huu yuko karibu na Gilgali hiyo.

Tena, jambo hili halifai kuachiwa mtu mmoja na daftari lake. Wesley alilijua: vikundi vyake vya watu wapatao kumi na wawili, vilivyoanzia Bristol mwaka 1742, vilikutana kila wiki na kila mtu aliulizwa hali ya roho yake. Sisi tuna jumuiya za nyumba kwa nyumba, lakini mara nyingi zinaishia kwenye wimbo, somo, sadaka na matangazo. Dakika ishirini zingetosha watu wawili kusimulia alama moja moja, kwa zamu.

Kwa vijana wa kipaimara ningependekeza wasimamizi wapewe kazi baada ya sherehe. Mwaka mmoja baadaye, kila msimamizi akae na kijana wake saa moja, bila mzazi, amuulize amemwomba nani msamaha, amerudisha nini, na anasali akiwa wapi asipoonekana. Majina ya waliopata kipaimara mwaka jana yamo kwenye rejista ya usharika. Wanaweza kuanza na hao.