Nasaba kwanza, damu baadaye

Sisi watu wa Lamu tulio Uingereza kwenye maabara za macho tuna tabia mbaya: tukilinganisha huku na nyumbani, tunahesabu mashine tu. Kwa magonjwa ya kurithi ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hesabu hiyo ina kasoro.

Huku nako tukupe haki yake. Kukuza vijiretina, yaani retina ndogo za maabara, kutokana na seli shina (seli changa ziwezazo kugeuka za aina nyingine) kunataka joto la nyuzi 37, hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 5, na mtu wa kubadilisha maji ya lishe kila siku mbili tatu, Idi na Jumapili asikose, kwa miezi sita au zaidi hadi seli za kupokea mwanga zikomae. Umeme ukikatika usiku mmoja, umerudi mwanzo. Kazi hiyo kwa sasa ibaki huku, wala sioni aibu kusema.

Ila ugonjwa wenyewe hauanzii kwenye sahani ya maabara. Retinitisi pigmentosa, mmoja wa magonjwa hayo, ni kijana anayejikwaa kichochoroni magharibi ikiingia, akatumbukiza mguu mtaroni, huku anayempungia mkono kutoka ubavuni akimwona ana kiburi. Seli fito, zile za kuonea gizani, ndizo hufa kwanza. Kisha uwanja wa kuona husinyaa kutoka pembeni, kama anayechungulia tundu la kitasa. Zaidi ya jeni 80 zaweza kuleta hali hii. Swali linalopunguza orodha upesi kuliko yote halihitaji umeme: nani kamzaa nani?

London, muulize mgonjwa jina la mama yake bibi, wengi watanyamaza. Mkomani au Langoni, mitaa ya Lamu, bibi hukushushia vizazi vitano bila kalamu, na aliyekuwa akishikwa mkono kwenda sala ya isha atakutajia. Tatizo ni kwamba bibi ana hesabu yake ya undugu. Ndugu wa kunyonya ni ndugu kwa sheria ya Kiislamu na hawaoani, lakini kunyonya hakuwapi jeni za pamoja. Basi kwa kila jina uliza: tumbo moja? baba mmoja? kanyonyeshwa? kalelewa? Ukichanganya, ramani ya ukoo itakudanganya hadi mwisho.

Wakiugua wavulana wa dada wawili na dada wenyewe wazima, au wana dalili hafifu, shuku jeni ya RPGR kwenye kromosomu ya X. Wakiugua wasichana na wavulana, wazazi wakiwa wazima tena mtu na mwana wa ami yake, shuku jeni iliyojificha pande zote mbili. Hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua, upya kila mara. Wapo wanaoelewa kuwa watatu wakizaliwa salama, wa nne ndiye, sivyo. Na wala simkatazi mtu kuoa kwa ami yake.

Damu ya kupima jeni nayo ni rahisi kuliko inavyotishiwa: mililita 5, chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha zambarau, igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi, kisha friji ya nyuzi 4. Kwenye friza ya samaki isiingie, maana kuganda na kuyeyuka mara kwa mara hukatakata DNA. Chupa ya kifuniko chekundu huachia damu igande. Kosa kubwa zaidi ni majina: nyumba moja ina Ali Omar Ali watatu. Andika namba na tarehe ya kuzaliwa.

Kipimo cha umeme wa retina kinataka giza totoro dakika 20 kabla ya kuanza. Simu moja ikimulika, anzeni tena.

Lawama yangu iko kwenye majibu. Damu yavuka bahari, makala yachapwa, na ukoo haupigiwi hata simu. Tena ni hasara ya kisayansi: hifadhi za vinasaba zimejaa watu wa asili ya Ulaya, kwa hiyo badiliko la jeni la mtu wa Pwani mara nyingi hurudi limeandikwa “maana haijulikani”. Kulitegua, unapima shangazi, binamu na wazima pia, uone kama badiliko linafuatana na ugonjwa. Wote hao wako Lamu na Malindi. Na KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa tiba kilichoko Kilifi, kimeshazoea kusoma vinasaba vya virusi.

Faida ya kujua jeni si kubwa kama watu wanavyotumaini. Dawa ya jeni ya RPE65 iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, kwa bei ya kuanzia ya dola 850,000 macho mawili, haifai jeni nyingine, na hata RPE65 yataka seli zilizo hai bado. Lakini kuna faida isiyogharimu kitu: mwenye ugonjwa wa Stargardt, nao wa retina ya kurithi, wa jeni ya ABCA4 hatakiwi kumeza vidonge vya vitamini A, na hivyo ndivyo kila jirani humletea.