Mchoraji Asiitwe Mwishoni

Ingia duka lolote la vitabu hapa kwetu uulize vitabu vyenye picha. Utapelekwa moja kwa moja kwenye rafu ya watoto: sungura, fisi, mtoto anayepiga mswaki. Ukipanda madarasa picha zinapungua, sekondari zinabaki za baiolojia na jiografia, na ukishakuwa mtu mzima unaandikiwa maneno matupu, ukurasa hadi ukurasa, kana kwamba macho yako yamestaafu. Mtu mzima anachorewa pale tu anapotakiwa kunawa mikono, kulala kwenye chandarua au kwenda kupima.

Sina ugomvi na chandarua. Lakini mambo yanayotuumiza kichwa kweli kweli, riba, bima, mirathi, hati za ardhi, mfumuko wa bei, na siku hizi akili mnemba, ndiyo hayo yameachwa bila mchoro wa maana. Nasema wa maana kwa sababu picha zipo. Kijitabu cha bima kitakuwa na familia inayocheka, baba na mama na watoto wawili, meno nje. Ukiitoa ile picha, kijitabu hakipungukiwi na kitu. Hiyo ni pambo. Picha ninayoitaka mimi ni ile ambayo ukiitoa, maelezo yanaanguka.

Tunayo tayari mifano, na mmoja uko kwenye makabati ya zahanati nyingi. Kitabu cha afya cha Mahali Pasipo na Daktari kilizaliwa kwa Kihispania, David Werner alipokuwa akifanya kazi na wanavijiji wa milima ya Sierra Madre, magharibi mwa Mexico. Toleo la Kiingereza likatoka mwaka 1977, na baadaye tukakipata kwa Kiswahili. Tazama kinavyofundisha kinywaji cha mtoto anayeharisha. Kijiko hakikutajwa tu, kimechorwa kikiwa kimesawazishwa juu, kwa sababu kijiko cha chumvi kilichojaa kilima kinaweza kumdhuru mtoto yule yule unayetaka kumwokoa. Halafu linakuja onyo ambalo mama yeyote analikumbuka akiisha kulisikia mara moja: kabla hujatia sukari, onja, isizidi chumvi ya machozi. Mchoro umebeba kipimo, maneno yamebeba ladha, na hakuna kilichorudia kazi ya mwenzake.

Katika kitabu kingine, cha mwaka 1982, ambacho Werner alikiandika pamoja na Bill Bower kwa ajili ya wanaofundisha wahudumu wa afya vijijini, kuna kibuyu kilichogeuzwa mtoto. Kibuyu kina tundu chini lenye kizibo, na juu kuna tundu jingine lililofunikwa kwa kitambaa chepesi kilicholowa. Kijaze maji mpaka juu, chomoa kizibo, maji yatoke. Kitambaa kinabonyea. Watoto wa shule waliokwisha kumwona mdogo wao akiharisha hawahitaji kuambiwa zaidi, utosi wameuona ukizama mbele yao. Mada ni upungufu wa maji mwilini, kitu ambacho vitabu vya udaktari hukieleza kwa aya nzito, na hapa kimeelezwa kwa kibuyu na tone la akili.

Mexico hiyo hiyo ilitoa mtu mwingine ninayempenda zaidi, labda kwa sababu alikuwa mtukutu. Eduardo del Río, mchora katuni aliyejulikana kwa jina la Rius, alichukua mawazo ya Karl Marx, ambayo hata wasomi huyakimbia, akayamwaga kwenye kitabu cha katuni. Alikata picha za zamani akazibandika, akaandika maneno kwa mwandiko wa mkono, na pembeni akaweka watu wadogo wadogo wanaouliza maswali ya kijinga ambayo msomaji aliona haya kuyauliza. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1976 ilichangia kuzaliwa kwa mfululizo mzima wa vitabu "kwa wanaoanza", vya falsafa, fizikia, saikolojia. Wale watu wa pembeni ndio siri ya Rius. Msomaji akiona kuna mtu ndani ya kitabu ambaye naye hajaelewa, anatulia.

Rius alikuwa na upande wake na hakuuficha, jambo linalonikumbusha hatari ya kazi hii. Katuni inaweza kushinda hoja bila kuitoa. Mchore mtu ana kitambi na sigara, umeshamhukumu kabla hajafungua mdomo. Kwenye gazeti hiyo ndiyo kazi yenyewe ya katuni. Kwenye mwongozo wa kumwelewesha mtu, ni kumwibia nafasi ya kufikiri. Nimeona vijitabu vya uraia vya namna hii, mkulima amechorwa mzuri, mfanyabiashara ana macho ya mwizi, na mada ilikuwa soko la mazao.

Kinyume cha Rius ni watu wa Vienna, mji mkuu wa Austria, ambao hawakuwa na utani hata kidogo. Mwaka 1925 Otto Neurath alianzisha pale jumba la makumbusho la mambo ya jamii na uchumi, akitaka mfanyakazi wa kawaida aelewe takwimu za mji wake: nyumba, magonjwa, mishahara. Kanuni yake kuu ilikuwa fupi. Kitu kikiongezeka, ongeza idadi ya alama, usikuze alama. Watu wakiwa mara mbili, chora watu wawili, usichore mtu mmoja mwenye urefu mara mbili, kwa sababu ukimrefusha mara mbili na upana wake unakua mara mbili, jicho linaona eneo mara nne, na hapo umeshadanganya bila kusema neno la uongo. Fungua taarifa yoyote ya mwaka yenye magunia makubwa na magunia madogo uone kama kanuni hiyo imefika kwetu.

Kilichonivutia zaidi kwa Neurath ni jinsi alivyogawa kazi. Kulikuwa na wataalamu wenye takwimu, kulikuwa na wachoraji kama Gerd Arntz, na katikati kulikuwa na mtu wa tatu, ambaye mahiri wao alikuwa Marie Reidemeister, baadaye Marie Neurath. Huyu hakuwa mtaalamu wala mchoraji. Alikaa na takwimu mpaka akajua ndani yake kuna jambo gani la kusemwa, akatafuta umbo la kulisema, ndipo mchoraji akashika kalamu. Miaka ya 1950, Marie mwenyewe alifanya kazi na serikali ya Mkoa wa Magharibi wa Nigeria kutengeneza vijitabu vya kuwaeleza wananchi mipango ya elimu na afya, na alama za Vienna zikabidi zibadilishwe, maana watu na nyumba za Ibadan si za Austria.

Mtu wa katikati ndiye tusiye naye. Wachoraji hatuna uhaba nao, na wala si wa kubahatisha. Gado na Masoud Kipanya wanaweza kuieleza bajeti nzima kwa mchoro wa kiganja. Kenya, jarida la Shujaaz lilianza mwaka 2010 kwa Sheng, likawafundisha vijana kilimo na biashara ndogo ndogo ndani ya visa vya kuchekesha, likapata hadi tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hatuna vipaji.

Tatizo ni utaratibu. Niliwahi kuhariri kijitabu cha taasisi moja kuhusu haki za wapangaji. Nilipokikabidhiwa kilikuwa kimeshapita kwa wanasheria, kamati na mfadhili, kila sentensi imegongwa muhuri. Humo ndani, kila baada ya kurasa kadhaa, kulikuwa na mabano: "picha hapa". Mchoraji aliitwa wiki ya mwisho. Aliuliza swali moja la busara, kwamba mpangaji akitolewa vitu nje usiku, kitu cha kwanza anachotakiwa kufanya ni kipi, ili akichore hicho. Akajibiwa maandishi hayabadiliki tena. Akachora mpangaji na mwenye nyumba wakishikana mikono. Ungemfanyaje? Alipewa matundu ya kuziba, akayaziba.

Sasa tazama kinachowezekana mchoraji akiwahi. Chukua mkopo wa shilingi 100,000, riba asilimia 10 kwa mwezi, marejesho ya miezi 10. Mkopeshaji wa kwanza anapiga riba kwenye deni lililobaki: mwezi wa kwanza 10,000, wa pili 9,000, inashuka hivyo mpaka mwezi wa mwisho 1,000. Jumla ya riba ni 55,000. Wa pili anapiga riba kwenye ile 100,000 ya mwanzo mwezi hadi mwezi, hata ukiwa umesharudisha karibu yote. Jumla ya riba ni 100,000. Matangazo yao yanafanana: asilimia 10 tu kwa mwezi.

Ukiyaandika hayo, kama nilivyofanya hapa, msomaji ataruka aya. Yachore. Panga noti 10 za elfu kumi kumi kwenye mstari. Kila mwezi noti moja inarudi kwa mwenyewe. Kwa mkopeshaji wa kwanza, noti iliyorudi inafutika. Kwa wa pili inabaki pale pale, imechorwa kwa nukta nukta, na imenyoosha mkono kudai elfu yake moja. Ukifika mwezi wa 10 una noti moja ya kweli na tisa za nukta nukta, na zote zinadai. Mchuuzi wa nyanya asiyependa hesabu ataona ni nani anayemla, na atajua swali la kuuliza kabla ya kutia dole gumba.

Wapo watakaosema picha hurahisisha kupita kiasi. Kweli, na maneno pia. Watu wa miradi nao wana kisa chao wakipendacho, cha wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa kwenye bango wakasema afadhali kwao mbu ni wadogo. Sijui kama kiliwahi kutokea popote, kinasimuliwa kila nchi kwa namna ile ile. Lakini hata kama ni cha kweli, wanaochekwa sio wanaostahili. Mchoraji aliyekuza mbu bila kuweka kidole cha mtu kando yake ndiye aliyekosea.

Picha peke yake pia haitoshi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikia watu wapatao milioni mbili Tanzania kwa kuunganisha kijitabu, kipindi cha redio na kikundi kilichokaa pamoja kujadili, na vyoo vikachimbwa. Leo kikundi kiko WhatsApp na kwenye vikoba. Ukurasa mmoja wa mchoro mzuri unasafiri humo haraka kuliko kitabu chochote, na hauhitaji karatasi ya kung'aa.

Ningeulizwa pa kuanzia ningesema mirathi. Tanzania Bara, mume akifa bila wosia akaacha mke na watoto, fungu la mke linategemea sheria itakayotumika. Kwa sheria ya Kiislamu ni moja ya nane. Kwa ile sheria ya India ya mwaka 1865 ambayo bado tunaitumia, ni theluthi moja. Kwa sheria za mila kama zilivyotamkwa mwaka 1963, hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, anatazamiwa kutunzwa na watoto wake. Mwanamke ni yule yule, nyumba ni ile ile. Chora familia hiyo moja mara tatu, kurasa tatu zinazofuatana, halafu paka rangi kile anachobaki nacho. Mchoraji nimeshampata. Ninayemtafuta ni mwanasheria atakayekubali kukaa naye meza moja kabla hajaandika hata sentensi moja.