Balozi, Kaa!

Leo nimekwenda kazini na viatu visivyojuana. Cha kulia cheusi, cha kamba, kile nilichofungia ndoa. Cha kushoto cha kahawia, cha kuchomeka. Mhasibu akaniangalia kuanzia chini, akapanda, akashuka tena, akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. Nikamjibu nyumbani kuna mbwa.

Na ni mbwa mwenye msimamo, vya kulia hagusi. Ana wiki tatu kwangu, ameshamaliza vya kushoto vinne, kimoja mpaka soli.

Sikumtafuta. Vibaka wa huku Kivule mnawajua. Walianza na nguo kwenye kamba, wakaja kwenye pampu, mwezi uliopita wakabeba sufuria likiwa motoni na maharage yamo. Nikasema hapana, mtu akishafikia kukuibia mboga, huyo si mwizi tena, ni ndugu wa mke. Mwenzangu kazini akanipa kitoto cha mbwa, bure, akaapa kwamba mama yake ni Jamani Shepadi. Kuhusu baba hakusema kitu, nami kwa adabu sikuuliza. Sasa ana miezi mitatu, sikio la kulia limesimama, la kushoto limelala. Mtaalamu wa mifugo ananiambia nisubiri, masikio ya mbwa hao huweza kuchukua mpaka miezi mitano, sita, na wakati wa kubadilisha meno hupanda na kushuka. Mama Neema anasema hakuna cha kusubiri, hilo moja la Ujerumani, lingine la Kivule.

Huyo mtaalamu alikuja na pikipiki na kiboksi cha barafu. Akachoma sindano ya kichaa cha mbwa, akampa dawa ya minyoo, akamwandikia kadi. Mbwa ana kadi! Yangu ya kliniki ilipotea kabla sijajua kutambaa. Akamfungua mdomo, akanionyesha: meno 28 ya utoto, yote yatang'oka, yaje 42. Mimi mwenye nyumba nimebakiwa na 29. Akasema ale mara tatu mpaka nne kwa siku. Nikamwangalia. Humu ndani hakuna binadamu anayekula mara nne.

Akasisitiza pia asitoke nje mpaka chanjo zote zikamilike, kuna ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa kwa siku chache. Nilinyamaza. Mbwa mwenyewe alikuwa ameshapita kwenye tundu la michongoma, akazunguka nyumba kumi za mtaa wetu, kila nyumba akaingia mpaka jikoni, akakagua kinachopikwa, akatoka bila kuaga. Ndiyo maana watoto wakamwita Balozi. Mimi sikushirikishwa.

Ijumaa moja akamlamba jirani kanzu, mtu wa watu yuko njiani kuelekea msikitini. Nikaomba radhi, nikajitolea kuifua. Akanielekeza kwa upole kabisa: mara saba, mojawapo kwa udongo. Jamani, udongo ninao. Kivule tunaweza kuuza udongo nje ya nchi. Maji ndiyo wiki ya pili hii.

Basi nikaamua kumfundisha. Kuna kijana kwenye intaneti anasema hakuna siri: neno moja, sauti nzito, akitii mpe zawadi palepale, ukichelewa hajui anazawadiwa nini. Neno nikachagua "kaa". Zawadi nikachagua dagaa. Wa Mwanza alimnusa akageuza uso. Akamkubali wa Kigoma, ambaye mimi mwenyewe humwona sikukuu kwa sikukuu. Kwa hiyo suruali zangu zote sasa zina dagaa mfukoni. Kwenye daladala abiria wanafungua madirisha, na paka wa kituoni wananipokea jioni kama mkwe aliyetoka safari.

Siku nenda, siku rudi. "Balozi, kaa!" Anasimama. "Balozi, kaa!" Anakwenda kukojolea ndoo. "Balozi, kaa!" Analala chali anikunie tumbo. Samahani, nimkune mimi. Ndivyo nilivyochanganyikiwa.

Jumapili saa kumi na moja jioni nasikia hodi. Ni Balozi. Yule mwenyewe, kiongozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa miaka sabini na kitu, kofia mkononi, kitabu cha stakabadhi kwapani. Nikampa shikamoo, nikamweka kwenye kochi, akaletewa chai. Akakohoa.

"Kijana, ulinzi shirikishi. Miezi mitatu. Elfu tisa."

Hotuba nilikuwa nayo tayari. Nikakaa wima, nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba, mzee wangu, mchango ule ni wa wasio na ulinzi, na mimi nimeshaajiri mlinzi wa kudumu, usiku na mchana, mwenye asili ya Ujerumani. Akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha. Mlinzi alikuwa amelala usingizi wa pono juu ya kiatu cha mzee, cha kushoto, sikio moja ndilo liko zamu.

Kabla hajajibu, mlinzi akaamka akaingia chumbani. Haikupita dakika, mwanangu wa mwisho akatoka mbio: "Baba! Balozi kakojoa kitandani tena!"

Mzee akaweka kikombe chini.

Nikafungua mdomo nieleze. Jikoni mama yake akanitangulia, na sauti ile mnaijua, inafika mpaka barabara ya lami: "Si nimesema Balozi asiingie humu ndani? Mpigeni na ndala atoke! Kazi hana, kula tu, na ananuka!"

Mzee akasimama. Polepole, kwa heshima yake yote, akavaa kofia. Nami hapo akili ikaniruka. Nilitaka kusema, "Balozi, tafadhali, keti nikueleze." Kilichotoka, kwa sauti nzito ya siku zote hizo za mazoezi, ni:

"BALOZI! KAA!"

Akakaa.

Na mkono wangu, naapa sikuutuma, ukaingia mfukoni, ukatoka na dagaa, ukampa.

Sebule nzima ikawa kimya. Mama Neema kasimama mlangoni na mwiko. Mzee akamtazama dagaa, akanitazama mimi, akamtazama dagaa. Kisha akampokea. Malezi ya zamani, mtu akikupa kitu unapokea. Akamtia mfuko wa shati, kando ya kalamu, akafungua kitabu, akaandika. Nikatoa elfu tisa bila kuhesabu. Stakabadhi ninayo hapa, palipoandikwa "Imepokelewa kutoka kwa" mzee ameandika: Mwenye mbwa.

Alipotoka, yule mwingine akamfuata. Hana kamba, hajaitwa, anatembea mguuni pake hatua kwa hatua kama mbwa wa polisi, macho kwenye mfuko wa shati. Mzee akisimama, anakaa. Anakaa, jamani! Nimeona kwa macho yangu, nyumba baada ya nyumba, mabalozi wawili wanakusanya michango. Alirudi saa mbili usiku kashiba, akapitiliza moja kwa moja kwenye viatu.

Sasa, hivi vya kulia nilivyobaki navyo nilivipeleka kwa fundi pale njiapanda, nikamwomba anitengenezee wenzao. Fundi akasema yeye anashona, haumbi. Akaniuliza kama namjua mtu aliyekatwa mguu wa kushoto. Nikakasirika, halafu usiku nikajikuta kweli nawaza kama namjua. Na si viatu tu. Soksi zimebaki nzima zote, za mguu wa hasara na za mguu wa faida, soksi hazina upande, kwa nini viatu vina upande? Nani alianzisha mambo haya? Zamani watu walivaa katambuga za tairi, ukikosea mguu hakuna ak...

Ngojeni. Bomba linakoroma. Maji hayo! Mama Neema, ndoo! Neema, sogeza madumu, anza na yale ya njano, lete na ile kanzu ya watu kabla hayajakatika! Balozi, toka kwenye beseni. Balozi. Toka. Balozi, kaa basi. Kaa! Nani ana dagaa?